Nilivyopalilia Ziwa

Nimezaliwa Tinde, kwenye mashamba ya pamba. Kwetu mwanamke akiacha shamba liote majani, anasemwa mpaka kisimani. Hadi leo nikiona jani lisilo na kazi, mkono unaniwasha.

Nilipoolewa huku Geita, kando ya ziwa, nilikuta akina mama wanapanda majani ndani ya maji. Tope la waosha dhahabu lilikuwa limeyamaliza yale ya zamani, samaki wakakosa pa kuzalia. Kila kaya ilipewa kipande chake, kimezungushiwa fito. Mama mkwe alinionyesha chetu, akaenda msibani Kahama. Sikuuliza kitu. Nimefika kidato cha nne, nikajiona najua.

Asubuhi moja nikaingia maji ya magoti, mtoto mgongoni. Pembeni matete yalisimama kwa mstari. Katikati pamejaa majani membamba, malegevu. Nikadhani matete ndiyo mazao. Nikayapalilia yale malegevu, sikubakiza. Kisha nikapalilia na cha jirani, mama wa mapacha, kwa wema wangu wa kijinga.

Kikao kilipoitwa ndipo nikajua yale malegevu ndiyo yaliyopandwa, na kosa likawa la bata wa yule jirani, eti wameyala. Wakaamua kama wanavyoamua siku zote: asipewe moto, wala dukani asiuziwe kibiriti, mpaka akiri. Nilikuwepo, nanyonyesha. Nilimtazama mtoto tu. Kufika nyumbani nikamtukana mama mkwe kimoyomoyo, nikawatukana na bata.

Siku ya tatu jirani alikuja mlangoni na kigae mkononi.

“Mdogo wangu, nipe kaa moja tu. Watoto hawajala cha moto tangu juzi.”

Nikamwambia jiko limezima. Nyuma yangu moshi ulikuwa unatoka. Aliutazama, akanitazama mimi, akaondoka.

Nilikaa chini nikalia kwa hasira, na hasira zote zilikuwa juu yangu mwenyewe. Kisha nikajaza makaa kwenye sufuria, nikapita nayo ufukweni mbele ya wanawake wote hadi kwake. Nikamwita mayu, kama ninavyomwita mama yangu kwa Kisukuma.

“Mayu, si bata. Ni mimi niliyeng'oa.”

Nyuma mmoja akacheka, akasema wa pamba huyu kapalilia ziwa. Jirani hakucheka. Alipokea makaa.

“Bata nimeshawachinja wote,” akasema.

Sasa napanda vipande vyote viwili, jani kwa jani. Akipita namwamkia shikamoo. Huitikia marahaba, kila siku, bila kusimama.