Mwerya wa Jedida

Jedida, mjane wa Kambi, hakuwa mtu wa kupiga kelele barazani. Alikuwa mkulima wa mihogo na korosho huko Kakuyuni, mwanamke mrefu, mkavu, asiyecheka ovyo, na akisema hapana huwa ni hapana. Masika ya mwaka wa themanini na sita yalipoikata barabara ya kwenda Malindi, mbele kidogo ya boma lake, alisimama katika baraza akamwuliza chifu swali moja tu: greda linakuja lini?

"Liko njiani, mama," chifu akamjibu.

Basi likawa njiani. Pasaka ilipita greda liko njiani, mahindi yakabeba liko njiani, na kila mvua iliponyesha korongo lililochimbwa na maji pale lilimega kipande kingine cha barabara. Vijana walipochoka kungoja wakatupa mawe na magogo ya minazi mle korongoni ili angalau baiskeli zivuke. Hapo ndipo serikali ilipofika, tena mbio! Msimamizi wa barabara, Bwana Gerishom, mtu wa Kibarani kule Kilifi, alishuka kwenye Landirova na viatu vyake vinavyong'aa, akaamuru magogo yote yatolewe. Barabara hii imepimwa, alisema, iko kwenye ramani, na raia hana ruhusa ya kuigusa. Atakayetia hata jiwe atashtakiwa. Kisha akageuza gari akaenda zake, na magogo yakabaki yamelala majanini.

Jedida alilichukia korongo lile kama mtu anavyomchukia mtu. Mwaka juzi, barabara ilipokatika vivi hivi, binti yake Kabibi alishikwa na uchungu wa mimba ya kwanza, wanaume wakambeba kwa kitanda. Waliposhuka korongoni miguu iliteleza, kitanda kikawaponyoka. Kabibi alifika hospitali akapasuliwa, akapona. Mtoto hakupona. Daktari alionya kwamba mimba nyingine ikiingia asithubutu kuzalia nyumbani, maana kovu halitahimili. Sasa Kabibi alikuwa mzito tena, mumewe yuko kazini Mombasa, na Jedida alikuwa ameapa kwamba kitanda hakitambeba mwanawe mara ya pili.

Walikuwa wamepanga ahamie Malindi kwa shangazi yake mwezi ukiandama. Mwezi haukungojewa. Asubuhi moja Jedida yuko uani anatwanga, akasikia, "Mayo! Mayo, njoo!" Kabibi alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili, na mama yake alipouona ule uso akautupa mchi.

Alimwita shemeji yake Lewa. "Chukua baiskeli, ibebe begani hapo korongoni, kisha ukanyage usisimame mpaka Malindi. Mlete Badi na pikapu yake."

"Badi atafika hapo ng'ambo tu, Jedida. Huku atavukia wapi?"

"We mlete. Pa kuvukia ni juu yangu."

Lewa akaenda. Jedida alisimama ukingoni na jembe mkononi. Chini maji mekundu yalikuwa yakienda kwa kasi. Alitazama barabara ya serikali iliyopasuka, kisha akageuka akatazama upande wa juu, ambako korongo lilikuwa jembamba na kina chake hakizidi magoti. Huko hakukuwa na barabara. Kulikuwa na mihogo yake, michanga bado, na mkorosho uliozaa kuliko mikorosho yake yote.

Akaweka mikono mdomoni. "Mwerya! Mwerya kwangu, sasa hivi!"

Majirani walidhani amechanganyikiwa. Mwerya, yaani kuitana kulimiana mashamba, huitwa mapema, watu wakajua, mwenye shamba akapika chakula cha kutosha. Haupigiwi kelele kama moto. Lakini aliyeitwa mwerya hakai nyumbani, hata kama aliyemwita ana kichaa, kwa hiyo walikuja na majembe na mapanga, wanawake kwa wanaume.

"Tunalima wapi?" aliuliza jirani yake Gona.

"Ng'oeni mihogo. Kutoka hapa mpaka kule, upana wa gari. Na huo mkorosho uangushwe."

Gona alimtazama, akatazama korongo, akasikia Kabibi akigumia ndani ya nyumba. Akavua shati. Hakuna aliyeuliza tena. Mihogo iling'olewa, mashina yake yakatandazwa kwenye tope na makuti juu yake, na yale magogo ya minazi aliyoyafukuza Gerishom yakavutwa mpaka kwenye wembamba wa korongo, yakapangwa moja baada ya jingine. Wingu jeusi lilikuwa linajikusanya upande wa mto Sabaki. Jedida alikimbia ndani kumpangusa mwanawe jasho, akakimbia nje kuchimba, akarudi ndani. Kila aliporudi, Kabibi alikuwa amelegea zaidi.

Ng'ambo ya pili likasimama gari. Wakashangilia, kisha wakanyamaza, maana haikuwa pikapu. Ilikuwa Landirova. Gerishom alishuka pamoja na askari kanga mmoja, wale askari wa chifu, wakavuka kwa kurukia magogo.

"Nani kawapa kibali cha mkutano huu?" alifoka. "Na nani kawaruhusu kuchimba barabara?"

Jedida alijifuta mikono kwenye leso. "Barabara ile pale, bwana. Hatujaigusa. Hapa ni shambani kwangu, na hawa wamekuja mwerya."

"Mwerya wa kung'oa mihogo isiyokomaa?"

"Ni yangu. Ningetaka ningeichoma moto."

Askari, ambaye alikuwa Mgiriama wa hapo hapo Kakuyuni, aliangalia chini. "Bwana," alisema polepole, "mwerya hauombewi kibali."

"Gari likipita hapa, hapa ni barabara! Nitakushtaki, mama!"

Kabla Jedida hajajibu, ukatoka nyumbani ukelele ambao kila mwanamke pale aliujua. Honi ya Badi ikalia nyuma ya Landirova.

"Bwana we, hebu toa gari lako nipite!" Badi alipaza sauti. "Wallahi huyu mtoto wa watu anakufa, na wewe wakaa hapo wazungumza!"

Gerishom aligeuka akaitazama nyumba. Matone ya kwanza yakaanguka. Kisha akavuka mbio, akaondoa Landirova.

Badi alisema bismillahi, akaingia. Pikapu ilifika, Kabibi akalazwa nyuma juu ya magodoro, kichwa mapajani mwa mama yake, gari likarudi. Katikati ya magogo gurudumu moja likazama. Mtambo ukanguruma, tope likaruka, gari likainama upande wa maji. Jedida alimkumbatia mwanawe akafumba macho, akakiona kile kitanda kikiteremka.

"Sukumeni!" Gona alipiga kelele, na watu wote wakaingia topeni. Jedida alipofumbua macho alimwona Gerishom ameegemeza bega kwenye gari, viatu vyake havionekani. Pikapu iliruka ikashika nchi kavu, na Badi hakutazama nyuma mpaka Malindi.

Walimpasua mchana ule ule. Mtoto alikuwa wa kike, mdogo, mwenye sauti ya kuudhi wodi nzima. Jedida alilia mpaka nesi akamwomba atoke nje.

Greda lilifika, ndiyo. Lilifika mvua zimekwisha, vumbi linapeperuka, na magari yote ya Kakuyuni yamekwisha kuzoea kupita shambani kwa Jedida. Gerishom alipima kwa kamba, akapigilia vigingi vyekundu katikati ya shamba lake.

"Barabara imehamia huku, mama," alisema, bila kumtazama usoni. "Sisi tunafuata ilipo."

Jedida, mjukuu mgongoni, aliviangalia vigingi. Hakupiga kelele. Alichukua jembe lake na mzigo wa mashina ya mihogo, akaenda mpaka kwenye barabara ya zamani, ile iliyopimwa, ile iliyo kwenye ramani, akaanza kupanda.

"Mama, hapo hapaguswi!" Gerishom akaita. "Hapo ni pa serikali!"

"Basi njooni mniondoe," Jedida alimjibu, akiinama kwenye tuta la pili. "Nitawangoja."