Mikeka Mbele ya Mlango Wetu

Jumamosi iliyopita tulimpoteza mwimbaji mkubwa. Sokoni Nakasero watu walisimama wakitazama simu zao, na muuza nyanya alifuta machozi kwa ncha ya leso. Nikaikumbuka kambi ya polisi nilikokulia.

Mchana mmoja, nilipokuwa bado mtoto, mama alikuwa anakaanga vitunguu huku redio ikiimba. Wimbo ulikatika, mtangazaji akasema maneno machache, na mama akapiga yowe.

Kambini kwetu mwanamke hakupiga yowe bure. Likisikika, kila mtu alijua kuna askari ambaye hatarudi kutoka kazini. Majirani walikuja mbio wakatandika mikeka mbele ya mlango wetu. Mmoja alinikumbatia, mikono yake ingali na povu la sabuni.

"Pole, mwanangu. Baba yako alikuwa mtu mzuri."

Nilimwamini. Ndani, vitunguu vilikuwa vinaungua.

Mama alipopata sauti alisema, "Si baba yake. Ni yule mwimbaji wetu. Redio imesema."

"Mama Akello, umetuua," jirani alisema, mkono kifuani. Lakini hakuna aliyeinuka. Walikaa pale pale wakamlilia mwimbaji. Mimi nilidhani wamekufa wote wawili.

Jioni baba aliingia getini, akaiona mikeka, akasimama. Alitutazama watoto mmoja mmoja.

"Nani?" aliuliza.

Mama alimtajia jina. Baba akaketi mkekani bila kuvua viatu, akajifunika uso kwa kofia yake.