Sahani za Wageni

Mjukuu wangu alikula na mimi sinia moja tangu alipoanza kutafuna. Kwetu Tanga ndivyo tulivyolelewa, na hata hapa ugenini, ghorofani Albert Park, lifti mbovu na yote, sijabadilisha. Natandika mkeka, wali unakaa katikati, kila mtu anakula upande wake, na mimi namsogezea mtoto mnofu wa kuku bila kusema neno. Hayo ndiyo mapenzi yangu. Mengine siyajui.

Basi akaja bibi yake wa pili, mama mzazi wa mkwe wangu, Mtswana kutoka Mafikeng. Alikuja kumwangalia binti yake aliyejifungua mtoto wa pili. Mjukuu wangu huyu mkubwa anamwita Nkoko. Mimi ananiita Bibi. Mwanamke mfupi, mpole. Huo upole ndio ulioniudhi zaidi.

Hata hajapumzika vizuri, akafungua kabati langu, akashusha sahani nilizowatunzia wageni. Akamkabidhi mtoto moja: "Sejana." Akamrundikia zote mikononi: "Dijana." Mtoto akacheka, akarudia. Kiti kimoja, setilo. Viti vyote vya mezani, ditilo. Yai, lee, trei nzima, mae. Dirishani nako, mtu mmoja akipita, motho. Abiria wakishuka taxi pale kwenye robot, zile taa za barabarani, batho. Kutwa nzima moja na nyingi, moja na nyingi, mpaka kichwa kikaniuma.

Mimi shule sikufika mbali, lakini masikio ninayo. Motho, batho, mtu, watu. Nilisikia kabisa kwamba ni ndugu wa lugha yangu. Miaka yote namsemesha mtoto huyu Kiswahili, ananijibu Kiingereza. Nikimwambia alete vijiko, ananiletea kijiko kimoja. Leo mgeni wa juzi anaitikiwa kama kwaya!

Jioni nikapakua. Mtoto akachota wali kwenye sinia langu, akautia kwenye sahani, akaenda mezani kukaa na Nkoko wake.

"We mtoto, njoo ule hapa."

"Nina sahani yangu, Bibi."

"Tangu lini una sahani?"

Mwanangu akaingilia. "Mama, mwache. Ni sahani tu."

"Kwako wewe ni sahani."

Nilikuwa nimekwisha kuuchambua mnofu wake. Ukabaki mkononi, hauna pa kwenda.

Nkoko hakuelewa maneno yetu, lakini mnofu aliuona. Akaacha sahani yake mezani, akanawa, akaja kukaa mkekani kando yangu. Akala kwa mkono, anabana tonge vibaya, wali unammwagikia kwenye sketi. Mtoto akamfuata mbio, akajipenyeza katikati yetu, akatushika magoti.

"Bonkoko!" akasema. Yaani mabibi. Nikawekwa kwenye wingi bila kuulizwa.

Nikamsogezea mnofu wangu. Mwenzangu naye, sijui kajifunzia wapi haraka hivyo, akamsogezea wake. Nikaacha kutafuna, nikatazama vidole vya yule mtoto.

Alianza na wa Nkoko.

Tulipomaliza, sikutaka msaada wa mtu. Niliziosha sahani zote mwenyewe, nikazirudisha kabatini, rafu ya juu kabisa, ambako yule mama hafiki hata akipanda setilo.