Minazi Sita ya Kaka

Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo sijakaa kazi moja mwaka mzima, ila neno geni silipiti bila kuliuliza. Siku moja huko Watamu, nikifagia bustani ya mzee mmoja Mwingereza, nilimsikia akimwambia mkewe kwenye simu "snap out of it." Nilingoja amalize, nikamuuliza maana yake. Alipiga vidole, ta! Akasema ni kumwambia mtu aliyezama katika huzuni atoke, mara moja, kama hivyo. Nikamuuliza kama mkewe ametoka. Alinitazama, akaingia ndani.

Niliyapenda maneno yale. Kwetu Tezo tuna pole, tuna jikaze, tuna Mungu yupo, lakini sikujua neno la kumtoa mtu kwa mlio wa vidole. Wiki hiyo hiyo mama alipiga simu kwamba kaka yangu hainuki kitandani, nikaenda na neno lile la Mwingereza nyumbani kama dawa.

Kaka ni mgema. Asubuhi na jioni hupanda minazi yake sita, akaichonga kidogo kwa kisu panda, yaani kikonyo cha maua ya mnazi, ili tembo liendelee kudondoka kibuyuni. Panda ikiachwa siku chache bila kuchongwa hukauka, na mnazi huo haukupi kitu mpaka panda nyingine itoke. Minazi hiyo ndiyo iliyokuwa ikiilisha nyumba. Nilipofika, mitatu ilikuwa imeshakauka.

Zahanati walimpima malaria, hana. Hakugombana na mtu. Shemeji, mkewe, aliniambia aliamka tu Jumanne moja akasema mwili mzito, akajilaza tena. Wateja walianza maneno.

"Mgema wetu siku hizi bi harusi," mmoja alipaza sauti akiwa uani. "Hatoki chumbani!"

Shemeji alicheka naye, kisha akaenda nyuma ya jiko akakaa huko muda mrefu.

Niliketi ukingoni mwa kitanda. Nilipiga vidole. "Kaka, jitoe humo."

Alivitazama vidole vyangu.

"Kungekuwa na mlango, mdogo wangu, ningekuwa nimeshatoka."

Nilichukua kisu chake nikapanda mnazi ulio karibu na dirisha, kazi ambayo nilimwona akiifanya tangu utotoni na sikuwahi kuijaribu. Nilichonga. Mara nikamsikia kutoka ndani, sauti dhaifu lakini ya mwenye kazi yake:

"Unakata sana! Hiyo ni panda, si muhogo."

Alikuwa amejua kwa mlio wa kisu tu. Nilishuka mbio, magoti yakichubuka, nikiamini nitamkuta amekaa. Nilimnyoshea kisu. "Njoo unionyeshe basi."

Alikitazama kwa muda. Mkono wake ulitoka kwenye shuka, nikaona vidole vikijikunja kama vinashika mpini. Halafu akaurudisha, akageukia ukutani.

Nilichonga siku nne. Mnazi wa dirishani ulikauka, na wa pili ukafuata. Mama hakunilaumu, na hilo lilinichoma zaidi. Siku ya tano, alfajiri, nilikuwa nimeshajifunga kamba ya kisu kiunoni, kaka akaniuliza bila kugeuka:

"Imebaki mingapi?"

"Mmoja."

Alivuta shuka hadi begani.

"Uache," akasema. "Utaanguka bure."

Nilisimama pale mlangoni. Kisha nikafungua kamba, nikakaa chini kando ya kitanda chake.