Msimamizi wa Shangazi Yake

Walimwita Mpole tangu wiki yake ya kwanza kazini, na jina likamganda. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba mashine zikiwaka ilibidi umsome midomo. Alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali kubwa, chini kabisa ya jengo, ambako mashuka ya wodini na nguo za upasuaji huteremshwa zikiwa katika hali isiyofaa kusimuliwa, kisha hupandishwa zikiwa nyeupe na bado zina joto la pasi. Kazi alitafutiwa na shangazi yake, aliyefua hapo tangu mashine zilipokuwa mbili tu. Mpole aliishi kwake. Asubuhi walitoka pamoja, jioni wakarudi pamoja, na njiani mzungumzaji alikuwa Shangazi.

Siku hizo msimamizi alikuwa mzee waliyempachika jina la Filimbi, kwa ile filimbi iliyoning'inia shingoni mwake. Akiipuliza, watu walibadilishana nafasi: wa nguo chafu kwenda kukunja nguo safi, wa kukunja kwenda kwenye nguo chafu. Aliamini kwamba mtu akikaa mahali pamoja anasinzia. Juu ya yote alikuwa na sharti moja. Kati ya upande mchafu na upande safi kulikuwa na mlango, na mlango huo haupitwi. Anayehama anavua aproni, ananawa, anatoka nje, anazunguka uani na kuingilia mbele, ili uchafu wa wagonjwa usirudi kwa wagonjwa. Enzi za Filimbi hakuna aliyethubutu kuugusa mlango ule. Lakini Filimbi akienda kunywa chai, chumba kizima kiliketi. Mpole aliliona hilo na likamkaa moyoni. Watu wanamwogopa tu, alimwambia Shangazi njiani. Akitoka yeye, na kazi inatoka naye.

Filimbi alipostaafu, wengi walijua nafasi itakwenda kwa Shangazi. Metroni, mkuu wa wauguzi, akampa Mpole, kwa maelezo kwamba hajawahi kusikia mtu akigombana naye. Kama Shangazi aliumia, hakuonyesha. Alinunua soda, akawatangazia wote kwamba huyu ni damu yake na atakayemsumbua atamwona.

Mpole alianza na nia moja tu, kutokuwa Filimbi. Aliomba badala ya kuamuru, hata zamu ya kubadilishana nafasi ilipofika. Aliyechelewa alimuuliza kama nyumbani ni kwema. Mwanzo ulikuwa mtamu; watu waliimba wakikunja mashuka, na alipotoka nje kidogo alirudi akawakuta bado wanafanya kazi. Alianza kuamini kwamba kuongoza si jambo gumu kama watu wanavyolipamba.

Kisha Shangazi akaanza kupita mlango wa kati.

Mara ya kwanza alipita haraka, huku akipunga mkono kama mtu anayesema samahani. Mpole alimwona, akageukia mashine. Angemwambiaje mtu ambaye asubuhi hiyohiyo alimwambia arudi ndani akavae sweta, naye akarudi? Mara nyingine Shangazi hakupunga hata mkono. Hazikupita siku nyingi, msukuma toroli, jitu la miraba minne waliloliita Tinga, naye akapita, na aproni yake mbichi kifuani. Mpole alimwita pembeni akamkumbusha sharti. Tinga aliutazama mlango, akamtazama Shangazi aliyekuwa akikunja foronya, akatabasamu.

"Bosi," alisema, "kwani huu mlango una wenyewe?"

Mpole akamwacha aende na toroli lake. Aliitisha kikao, akazungumza kwa jumla bila kumtaja mtu, na kila mmoja akajua anayezungumzwa ni nani, Shangazi akiitikia kwa kichwa kuliko wote. Akabandika tangazo mlangoni. Kesho yake alikuta mtu ameangika aproni juu yake. Baada ya hapo mambo yalilegea moja moja: glovu zikaachwa, mashine zikafunguliwa kabla ya kumaliza kusuuza, na waliokuwa wakifuata utaratibu wakaonekana ndio wajinga. Nyimbo ziliendelea, lakini sasa zilimkera.

Siku moja toroli zima la nguo za upasuaji lilirudishwa kutoka juu. Katika shuka mojawapo, lililokunjwa vizuri na kupigwa pasi, kulikuwa na doa bichi. Operesheni ya asubuhi ilisogezwa mbele, mgonjwa akiwa tayari kitandani ameshaandaliwa. Hakudhurika, ila alilala pale akingoja, na mkewe akangoja naye koridoni. Metroni alimwita Mpole ofisini. Mpole akasema kosa ni lake.

"Sikuuliza kosa ni la nani," Metroni alisema, wala hakupandisha sauti. "Nauliza huko chini anaongoza nani."

Mpole alishuka ngazi taratibu. Aliona kwamba upole wake, ambao aliuita heshima kwa watu, ulikuwa umewaheshimu wawili watatu na kumsahau yule mtu kitandani na mkewe koridoni. Aliona pia kwamba hakuwa ameondoa mamlaka ya Filimbi. Aliyaacha sakafuni tu, na aliyeyahitaji akayaokota.

Akaenda kusimama mlango wa kati. Shangazi alitokea upande mchafu, aproni kiunoni, akamkuta amejaa pale mlangoni. Watu waliendelea kufanya kazi kwa namna ya watu wanaosikiliza.

"Shangazi, zunguka nje."

"Unaniambia mimi?"

"Nakuambia wewe. Wewe ukizunguka, wote watazunguka."

Shangazi akafungua aproni, akaitundika, akanawa, akatoka. Kupitia dirishani Mpole alimwona akivuka uani, mkono mmoja ukishika ukuta, mguu wa kulia ukiburuta kidogo. Wakati huo wote waliotembea pamoja asubuhi na jioni, alidhani ule mwendo wa pole ni wa mazungumzo.

Nyumbani Shangazi hakununa. Alifanya kibaya zaidi: akawa na adabu. Alimpakulia Mpole chakula kama anavyopakuliwa mgeni, akamuuliza kama chumvi imetosha. Mpole akampigia simu baba yake apate mtu wa kusuluhisha. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kazini kwao yeye hana sauti, na nyumbani kwa dada yake hajawahi kuwa nayo.

Kwa hiyo akaingia mwenyewe jikoni, akashika sufuria moja na kuanza kuisugua kando ya Shangazi.

"Goti limeanza lini?"

"Zamani kidogo."

"Mbona hukuniambia?"

Shangazi aliendelea kusugua. "Filimbi angenitoa kazini," alisema. "Na wewe ungenihurumia. Sitaki kuhurumiwa na mtoto niliyemfundisha kukamua shuka."

Mpole hakuomba msamaha kwa lililotokea mlangoni, na Shangazi hakumdai. Walimaliza vyombo.

Asubuhi Mpole aliwauliza wote, mmoja mmoja na kwa sauti iliyopanda kuliko mashine, kinachowafanya wauchukie ule mzunguko. Akasikia mengi ambayo tangazo lisingemwambia: uani panateleza mvua ikinyesha, misumari ya kuangikia aproni haitoshi, na kule kuhama-hama kwenyewe hakuna aliyewahi kujua faida yake isipokuwa Filimbi. Akafuta kule kuhama-hama. Tangu hapo aliyeanza upande mmoja alimaliza zamu upande huohuo. Mlango wa kati ulibaki haupitwi, na Tinga alipojaribu tena alirudishwa nyumbani siku hiyo bila mjadala. Wengine walisema madaraka yamempanda kichwani. Alisikia, likamuuma, na hakubadilisha neno.

Shangazi alipangiwa upande safi, kwenye meza ya kukunjia. Kwanza alilalamika kwamba wanamweka na vikongwe. Baada ya muda ile meza ikawa serikali yake: mashuka yalikunjwa kwa mtindo wake, kona kwa kona, na asiyefuata alikunjua akaanza upya. Mara nyingine Mpole alipita pale akaona ukali umezidi, akamwita kando. Mara nyingine aliacha.

Jioni walirudi pamoja, polepole zaidi kuliko zamani. Shangazi alisema ile meza inataka stuli, wafanyakazi wake wanasimama kutwa. Mpole akasema ataliangalia.

"Usiliangalie," Shangazi alisema. "Leta stuli. Na ukifika nyumbani bandika maji ya chai."

"Sawa, Shangazi," Mpole alisema, akampokea mkoba.