La Zamani au Jipya?

Mke wangu ni karani wa masjala, si mhandisi. Kazi yake ni kupokea barua, kuzigonga muhuri na kuzipanga kwenye majalada. Lakini mpe kompyuta iliyogoma uone anavyochangamka, utadhani kaitwa kucheza ngoma.

Wiki ile tulikuwa tunamwoza binti yetu, Jumamosi saa kumi. Mama mkwe, aliyepoteza macho miaka sita iliyopita, alikuwa ameshaapa kwamba hotuba ya bibi ataisoma mwenyewe kwa vidole. Tulikuwa na mashine kuukuu ya kuchapa nukta nundu, maandishi ya wasioona, ila kompyuta yetu haikuitambua kabisa. Dawa ilikuwa moja: kukijenga upya kiini cha mfumo, ile programu ya ndani inayoiamrisha kompyuta nzima, ili kiijue mashine hiyo.

"Mama, kwani ukiongea tu bila kusoma kuna ubaya gani?" nilijaribu.

"Mwanangu, mimi nilikuwa mwalimu. Sijawahi kusimama mbele ya watu bila karatasi yangu."

Ijumaa asubuhi mke wangu akaomba ruhusa kazini, akaanza. Mistari ikatiririka kwenye skrini dakika ishirini, kisha ikakwama: programu fulani ya kusaidia haipo. Akaiweka, akaanza tena. Ikakwama kwingine: kuna faili halionekani. Mimi nikashika kichwa. Yeye akaruka juu akapiga kigelegele.

"Sasa unashangilia nini? Si kosa hilo?"

"Kosa jipya! La kwanza tumeshalipita!"

Basi nyumba nzima tukaingiwa na wazimu. Kompyuta ikikwama tu, mama mkwe anauliza kutoka kwenye kochi, "La zamani au jipya?" Likiwa jipya, vigelegele. Jirani wa ukuta wa pili akaja mbio na gauni la sherehe, nywele zimesukwa nusu, akidhani tumeanza harusi bila yeye. Kufikia mchana tulikuwa tumeshangilia makosa saba. Tukaizima kompyuta ipoe, tukala tukicheka.

La nane ndilo lililotutia adabu. Mke wangu akalirekebisha, akaanza tena, likaja lile lile. Akarekebisha tena, lile lile. Mara ya nne mama mkwe hakuuliza kitu. Alikunja mikono mapajani, nami roho ikaniuma kweli.

Kilichotuokoa ni umasjala. Karani akipokea barua huangalia tarehe kabla ya maneno. Mke wangu akatupa jicho kwenye kona ya skrini, akaangua kicheko mpaka akakaa sakafuni. Kompyuta ilidhani tuko miaka kumi na miwili nyuma! Betri yake ndogo ya saa ilikuwa imekufa. Tulipoizima mchana, saa ilirudi mwanzo, kwa hiyo kila alichorekebisha baada ya chakula kilionekana cha zamani kuliko kilichojengwa asubuhi, na kompyuta, ikiona hakuna kipya, ikawa haikigusi.

Nikatimua mbio bafuni. Mizani yetu ya kupimia uzito inatumia betri ya aina hiyo hiyo, bapa kama kifungo cha koti. Niliing'oa kwa furaha, maana mizani ile ilikuwa ikinisema vibaya tangu maandalizi ya harusi yaanze.

Mke wangu akaipachika kwenye kompyuta, akaweka tarehe sahihi, na saa kumi na moja jioni kiini kikakamilika bila kosa hata moja, na ile mashine kuukuu ikaanza kugonga karatasi kama mvua kwenye bati. Mke wangu akampa mama yake ukurasa wa kwanza. Vidole vikatembea polepole, midomo ikichezacheza. Mstari wa kwanza, wa pili. Kwenye wa tatu vikasimama.

"Kuna kosa hapa."

Tukaganda.

"La zamani au jipya?" mke wangu akauliza kwa sauti ndogo.

"Jipya. Umeandika niliishi na baba yako miaka thelathini. Ni thelathini na mmoja."

Mke wangu akafungua mdomo apige kigelegele, kikatoka kilio.

"Kaliona," akaniambia, kanishika mkono. "Mama kaliona mwenyewe."