Avoka wa Kambini

Katika kambi yetu ya wakimbizi, nje kidogo ya mji wa Nchelenge, watu waliniita avoka, yaani wakili, nami sikukataa. Nilisoma sheria miaka miwili tu Lubumbashi kabla ya vita kunikimbiza. Hapa ninauza unga wa muhogo na kuwaandikia wenzangu maelezo ya kuomba kupelekwa Amerika. Walinivika kilemba cha ukoka, nikakivaa.

Mdogo wangu yuko Amerika, anafagia ofisi ya mawakili. Kwa simu alinieleza njia yao: digrii ya kwanza, miaka mitatu ya sheria, mtihani, halafu wanachunguza tabia yako tangu ulikotoka. Uongo mmoja chini ya kiapo unaweza kukuharibia yote. Ukishakuwa wakili, siri ya mteja ni yako kuilinda, hata hakimu hawezi kukulazimisha kirahisi kuitoa. Ila wewe mwenyewe huruhusiwi kupeleka uongo mahakamani. Hiyo ya siri niliipenda. Hiyo nyingine iliingia sikio hili ikatokea lile.

Jirani yangu, mama wa watoto wanne, nilikuwa nimemwandikia kuwa ni mjane. Wakati ule aliamini hivyo. Siku moja akanijia mbio.

"Avoka, bwana yangu eko muzima! Eko ku Puta, kule ku ziwa, anavua samaki. Nitafanya namna gani?"

Wakili wa kweli angemwambia: mama, twende tukasahihishe leo hii. Mimi niliogopa faili lake lisije likarudishwa nyuma, na zaidi niliogopa kuonekana nimekosea.

"Nyamaza tu, mama," nikamjibu. Mjinga mimi!

Zamu yangu mwenyewe ya mahojiano ya kwenda Amerika ilipofika, niliapishwa katika chumba kimoja pale Nchelenge. Muzungu aliyenihoji akanisogezea karatasi ya maelezo ya jirani yangu. Ilikuwa na mwandiko wangu.

"Mume wa mama huyu amekufa?"

Ningekuwa wakili, sheria yenyewe ingenifunga mdomo, tena kwa heshima. Mimi nilikuwa muuza unga aliyekwisha kuapa. Nikisema amekufa, nimejiharibia; nikisema yu hai, nimemwangamiza jirani. Sikuwa na pa kutokea.

"Yu hai," nikasema.

Sijivunii. Sikuusema ukweli kwa kuupenda, niliusema kwa kujiokoa.

Wiki chache baadaye yule mama akaja kwangu na barua ya Kiingereza, na samaki wakavu wawili wa kunishukuru.

"Unisomee, avoka. Banasema nini?"

Walisema ombi lake limekataliwa kwa kuwa mumewe yu hai, kama alivyothibitisha mtu aliyemwandikia maelezo. Nikamsomea yote, isipokuwa hayo maneno ya mwisho.

Alilia sana. Niliona aibu hata kumtazama. Kisha akajifuta macho kwa kitenge, akasogeza kigoda karibu na meza yangu.

"Basi, tuandike tena. We njo avoka yetu, sina mwingine."

Nikachukua kalamu.